Anzia Kwenye Spika

Twita zilikufa saa tano na robo usiku, bibi harusi akiwa bado hajashuka kwenye gari. Ilianza ya kushoto, ikafuata ya kulia, kisha zile mbili za nyuma karibu na majungu ya pilau zikaenda kwa pamoja. Muziki haukuzimika. Wufa ziliendelea kuguna, ngoma ikasikika kama inapigwa ndani ya gunia la mahindi, na mwimbaji akawa kama anaimba amejifunika blanketi. Kijana aliyefunga vyombo alisimama nyuma ya meza, akainusa harufu ya vanishi iliyoungua, akajua kwamba ujira wa usiku ule umekwenda na kwamba kukicha atakuwa na deni la twita nne.

Kijana huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Shule yake ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba badala ya majina. Tanga ni mji wenye masikio. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyosikika pwani nzima, vilitoka hapo, na watu waliokulia kwenye nyimbo hizo hawakuwa tayari kusikiliza harusi isiyo na twita. Kabla ya alfajiri habari ilikuwa imeshafika kila kibaraza.

Kibaraza kimoja kilikuwa cha mzee aliyestaafu kazi ya simu za upepo. Kijana alikwenda kwake asubuhi, twita nne zikiwa kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Harusi yenu niliisikia hapa nilipo. Mpaka saa tano mliimba, baada ya hapo mkanguruma."

Kijana alieleza kwamba twita zilikuwa bandia, dukani walimuuzia takataka. Mzee hakubisha. Aliuliza tu transfoma ya amplifaya ni ya volti ngapi. Ishirini na tano, sifuri, ishirini na tano. Ampia ngapi? Tatu. Spika je? Omu nane, mbili kila upande. Zimeungwaje? Sambamba. Kwa hiyo amplifaya inaona omu ngapi? Hapo kijana alinyamaza, kwa sababu swali hilo hakuwahi kuulizwa wala kujiuliza.

"Inaona nne," mzee akasema. "Nenda kalete amplifaya. Na maboksi yote manne yaje."

Mkokoteni ulileta mzigo. Mzee alibandika ncha za mita yake ya mshale kwenye kapasita kubwa za pawa saplai, akaweka kanda, akaanza kufungua sauti polepole. Kabla ya muziki, mita ilisoma volti 34 upande wa juu wa sifuri, na 34 upande wa chini. Hiyo ndiyo hesabu ya kawaida: volti 25 za transfoma zikizidishwa kwa 1.4 zinafika 35, dayodi zinakula moja hivi. Sauti ilipofika robo, mita ilisoma 32. Ilipofika pale dijei alipoiacha usiku, ilisoma 26, na mshale ukawa unatikisika kwa mpigo wa ngoma.

"Nani kakwambia bodi hii ni ya wati mia tatu?"

"Imeandikwa, Mzee."

"Kwenye bodi. Kwenye transfoma imeandikwa nini?"

Kwenye transfoma ziliandikwa zile volti na ampia tatu. Volti 50 kutoka ncha hadi ncha mara ampia 3 ni voltampia 150, za kugawana pande mbili za stirio, transista, joto na kila kitu kilichomo kwenye boksi lile. Mzee alichukua chaki akaandika sakafuni. Kati ya volti 26 zilizobaki, transista zinakula kama 3, zinabaki 23. Ishirini na tatu mara ishirini na tatu ni 529. Gawa kwa omu mara mbili, yaani 8. Wati 66 kila upande. Halafu akaonyesha kapasita zenyewe: maikrofaradi 4,700 tu kila upande. Umeme wa nyumbani ni wa hezi 50, kwa hiyo kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa na kujazwa amplifaya inazikamua peke yake. Mita inaonyesha wastani, haionyeshi mabonde. Ukiyahesabu mabonde, wati 66 zinarudi hamsini na kitu.

Kijana alikuwa ameamini kwamba amplifaya ndiyo inayotoa nguvu. Pale sakafuni ndipo alipoona kwamba amplifaya ni bomba lenye koki, na maji yako kwenye tangi. Wimbi la sauti huifungua na kuifunga koki hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, lakini haliongezi hata tone kwenye tangi.

Sasa, twita ziliunguaje kwa amplifaya isiyofika hata nusu ya wati ilizoandikiwa? Swali hili huwasumbua mafundi wengi mpaka leo, kwa kuwa akili inasema nguvu ndogo haiwezi kuunguza. Wimbi likihitaji volti 30 na pawa saplai ina 23 tu za kutoa, kilele chake hukatwa kama mnazi uliopigwa radi. Kona za wimbi lililokatwa huzaa sauti za juu ambazo hazikuwamo kwenye kanda, na sauti za juu zina njia moja tu, nayo ni twita. La pili ni baya zaidi. Besi ikishagonga dari haiwezi kukua tena, lakini dijei anasikia ngoma imelegea, anafungua zaidi. Kinachokua hapo ni trebo peke yake. Twita iliyozoea kupewa wati mbili tatu hujikuta inapewa kumi, kumi na tano, wimbo mzima bila kupumzika. Koili yake ni waya mwembamba kama unywele.

Mzee hakuishia hapo. Alifungua skrubu za boksi moja akachungulia ndani.

"Kapasita hii uliikuta?"

Kijana alikiri kwamba aliibadilisha. Alikuta ya maikrofaradi 3.3, akaweka ya 10, maana kwa ile ya 10 twita ilisikika imejaa. Ilisikika imejaa kwa sababu ilikuwa inabebeshwa kazi isiyo yake. Kapasita moja mbele ya twita ndiyo krosova rahisi kuliko zote: inapitisha sauti za juu, inazuia za chini. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya 3.3 inagawa sauti karibu na hezi 6,000, na ya 10 inagawa karibu na 2,000. Mteremko wake ni wa pole, desibeli 6 kwa kila oktavu, ndiyo kusema haifungi mlango, inauegesha. Kwenye hezi 1,000, ambako sauti ya mtu bado ina nguvu, ile ya 3.3 ilikuwa inapitisha chini ya asilimia 3 ya nguvu. Ile ya 10 ilipitisha asilimia 20.

Makosa mawili basi, moja kwenye transfoma na jingine kwenye kapasita ya bei ya chapati mbili, yalikutana kwenye koili ya twita saa tano na robo usiku.

Kijana alilipa deni kwa miezi mitatu. Katika miezi hiyo alikuwa akienda kibarazani kila Jumapili, na somo alilopewa lilikuwa moja, likirudiwa kwa namna tofauti mpaka likakaa. Watu hununua bodi kwanza, wakatafuta transfoma ya kuiwasha, mwisho kabisa wakaunga spika yoyote iliyopo. Mzee alikuwa anakwenda kinyumenyume. Spika ni ya omu ngapi, na inahimili wati ngapi kweli? Krosova inaipa amplifaya mzigo gani? Kutoka hapo hesabu inarudi nyuma hadi kwenye transfoma, na bodi inachaguliwa mwishoni ili ikae katikati.

Mfano aliopenda ulikuwa wa wati 50. Kwa spika ya omu 8, zidisha 50 kwa 8, tafuta kipeuo cha pili cha 400: volti 20. Kilele cha wimbi ni 20 mara 1.4, yaani 28. Ongeza 4 za transista na 4 za kunywea kwa transfoma na mabonde ya kapasita: 36. Dayodi moja zaidi, 37. Gawa kwa 1.4, unahitaji transfoma ya 26-0-26 au 28-0-28. Kwa spika ya omu 4, wati zilezile 50, volti ni 14 tu, kilele 20, pamoja na nyongeza zote 29. Transfoma ya 20 au 22 inatosha. Lakini mkondo wa kilele, uliokuwa ampia tatu na nusu kwenye omu 8, sasa ni 5. Spika ya omu 4 haidai volti, inadai ampia, na ampia maana yake ni waya mnene, chuma kingi, transfoma nzito mkononi. Mzee alikuwa na mazoea ya kuinyanyua transfoma kabla ya kusoma kilichoandikwa. Kwa ukubwa wake alihesabu voltampia mara moja na nusu hadi mbili ya wati zote zinazotarajiwa, na kwa muziki wa kucheza, wenye besi isiyopumua, hakukubali chini ya mbili.

Kapasita nazo zina volti zake. Kijana aliwahi kuweka za volti 35 kwenye pawa saplai ya volti 34, akiona imebaki volti moja ya akiba. Usiku mmoja umeme wa mtaa ukapanda kutoka 230 hadi 250, zile 34 zikawa 37, kapasita moja ikapasuka na kumwaga uchafu wake juu ya bodi yote. Tangu siku hiyo hapungui volti 50 mahali kama hapo.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakijawahi kukosekana mezani kwake. Ni balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100, iliyoungwa mfululizo kati ya soketi na amplifaya inayowashwa kwa mara ya kwanza. Amplifaya ikiwa nzima, balbu humulika mara moja kapasita zikijaa, kisha hufifia. Ikiwa kuna transista iliyoshikana, balbu hubaki inawaka, na hasara inakuwa mwanga tu. Vijana wengi wanaofungua mabanda leo hawaijui. Inasikitisha, kwa sababu hakuna mtambo wa bei kubwa unaofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Baadaye kijana yule alihamia Dar es Salaam, akawa fundi mwenye banda lake, na Kariakoo ikawa ghala lake. Mambo yalikuwa yamegeuka. Bodi zilikuja zimeshatengenezwa, ndogo kama kiganja, na mahali pa transfoma nzito palichukuliwa na chaja za kompyuta na pawa saplai nyepesi za taa na kamera. Wateja walifurahi. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza maswali ya mzee.

Mmoja alileta bodi ya LA4440 iliyopasuka kifuani. Aisii hiyo ilitengenezwa na Sanyo kwa ajili ya redio za gari, na mwisho wake ikiwa kazini ni volti 18. Mwenyewe alikuwa ameilisha chaja ya kompyuta ya volti 19, akiona tofauti ni moja tu. Chaja ileile inaifaa sana bodi ya TPA3116, ambayo inakubali kuanzia volti 4.5 hadi 26. Ndivyo fundi alivyomshauri, na jamaa akarudi baada ya wiki akiwa na malalamiko mapya: besi ikipiga, muziki unakohoa. Unakata, unarudi, unakata. Chaja ilikuwa ya wati 65, yaani volti 19 kwa ampia 3.42. Spika zilikuwa za omu 4, na kwa volti 19 bodi ile hutaka kutoa wati 40 hivi kila upande. Themanini haziwezi kutoka kwenye 65. Chaja za aina hii hazinywei kama transfoma, zinajifunga zenyewe zikilemewa. Mteja alikuwa tayari kununua chaja kubwa, lakini fundi alimbadilishia spika, akampa za omu 8. Wati zikashuka hadi 20 kila upande, chaja ikatulia, na kwa sebule ya vyumba viwili vya Temeke hakuna aliyelalamika kwamba sauti haitoshi.

Mwingine alitaka volti 12 juu na 12 chini ya sifuri, akaunga pawa saplai mbili za kompyuta ya mezani mgongo kwa mgongo. Moto ukatoka. Waya nyeusi za pawa saplai hizo zimefungwa kwenye bati la boksi lake, na bati limeunganishwa na ardhi ya soketi. Kwa hiyo zote mbili zilishaungana chini kwa chini kabla yeye hajaanza. Transfoma yenye nyuzi zake yenyewe haina tabia hiyo, na ndiyo sababu moja fundi huyu bado anaipenda pamoja na uzito wake.

Vijijini hadithi ni ya volti 12 za betri. Kwaya moja huko Muheza ilikuwa na betri ya sola, amplifaya ya gari na malalamiko kwamba sauti inazimika kila wakifika kwenye kiitikio. Volti 12 peke yake ni kidogo sana kwa muziki: kwenye spika ya omu 4, amplifaya ya kawaida haivuki wati 4 na nusu, na hata zikiungwa mbili kusukuma na kuvuta spika moja ni wati 18. Ndiyo maana amplifaya kubwa za gari zina kiwanda kidogo ndani yao cha kupandisha volti kabla ya kuzitumia. Kiwanda hicho hakiongezi nguvu. Kinavuta ampia nyingi kutoka kwenye betri. Kwaya walikuwa wamevuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mita tano, kwenda na kurudi mita kumi. Kwa ampia 20 waya huo unakula karibu volti moja na nusu, na betri yenyewe ikiwa imechoka, amplifaya inaona volti 10 na kujizima. Fundi alihamisha betri ikakaa chini ya amplifaya, akaunga kwa waya mnene usiozidi nusu mita, kisha waya mrefu akauacha uende kwenye spika. Hakuuza kitu siku hiyo zaidi ya nauli.

Mlio nao una lugha yake. Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi huingia kwa waya wa maiki au kwa waya wa ardhi uliozunguka vyombo viwili. Ule mkali kidogo, wa hezi 100, hutoka kwenye pawa saplai yenyewe: kapasita zimekauka, au ardhi ya ingizo imefungwa mahali ambapo mkondo wa kujaza kapasita unapita. Mzee alikuwa akiipambanua miwili hiyo kwa sikio kabla hajashika mita, na akifunga ardhi zote kwenye nukta moja, pale katikati ya kapasita mbili kubwa.

Kwenye makampuni ya muziki wa jukwaani, krosova imetoka ndani ya boksi ikapanda kwenye meza, ikagawa sauti kabla ya amplifaya. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz alichapisha maelezo ya namna ya kugawa ambayo yeye na mwenzake Russ Riley waliifanyia kazi, na majina ya hao wawili ndiyo yaliyobaki kwenye aina hiyo ya krosova: kila upande ukiwa umeshuka desibeli 6 penye mpaka, wufa na twita zikijumlishwa hutoa sauti iliyonyooka. Ni kazi nzuri mno. Lakini krosova hii nayo inakula umeme, volti 15 juu na chini, safi, bila mvumo. Mafundi wengi huchukua umeme huo kwenye pawa saplai ya amplifaya kubwa kupitia 7815 na 7915. Ikiwa amplifaya ina volti 42, mambo yanaharibika, kwa kuwa vidhibiti hivyo havitakiwi kuingiziwa zaidi ya 35. Uzi mwembamba wa ziada kwenye transfoma, au transfoma ndogo ya pembeni, humaliza shida hiyo kwa gharama ndogo.

Na zile namba kubwa zinazobandikwa kwenye sabufa za dukani? Zinaandikwa PMPO, elfu mbili, elfu tano. Geuza chombo, soma karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta kinakula wati 40 au 60. Fundi huyu huwaonyesha wateja maandishi hayo mawili kwa kidole, na anaamini kila duka lingepaswa kufanya hivyo.

Kisa kilichomrudisha kabisa kibarazani Ngamiani, kwa mawazo, kilitokea kwenye ukumbi mmoja wa sherehe jijini. Amplifaya yao ilikuwa kubwa kwelikweli: transfoma ya 40-0-40, volti 55 kila upande, jozi tatu za transista 2SC5200 na 2SA1943. Ilikuja imeungua. Fundi alibadilisha transista akiamini zilizopita zilikuwa bandia, maana za aina hiyo za bandia zimejaa sokoni. Ikafanya kazi wiki mbili, ikaungua. Akatafuta transista za kuaminika, na kwa kuwa tajiri alikuwa radhi kulipa, akaweka transfoma kubwa zaidi na kuongeza kapasita mara mbili. Mara hii ilidumu Jumamosi moja.

Kuongeza pawa saplai kuliharakisha kifo, na hilo lilimnyima usingizi. Harusi ya Tanga iliharibiwa na tangi dogo. Hapa tangi lilikuwa kubwa kuliko lilivyohitajika. Alikwenda ukumbini mchana, akapima maboksi ya spika kwa mita. Yote yalisoma omu 6, sawasawa kabisa kwa spika ya omu 8 ikipimwa kwa mita. Akarudi nyumbani. Siku ya pili alimuuliza kijana wa mitambo aeleze usiku ule ulivyokuwa, neno kwa neno. Kijana akasema mshereheshaji alikuwa anapita mbele ya spika na maiki, ikapiga mluzi mkali, na hapo hapo ukimya.

"Na mara ya kwanza?"

"Mluzi, kaka. Na ya pili pia."

Fundi alifungua boksi la kushoto. Twita ilikuwa imekufa, koili imekatika. Krosova yake haikuwa ya kapasita moja. Ilikuwa na kapasita ya maikrofaradi 4.7 njiani, na baada yake koili ya milihenri 0.47 iliyoshuka kwenda ardhini, sambamba na twita. Twita ikiwa hai, vitu hivyo viwili hugawa sauti kwa mteremko wa desibeli 12. Twita ikifa, hakuna tena kinachovituliza, na kapasita na koili hubaki peke yao mfululizo mbele ya amplifaya. Kwenye hezi 3,400 hivi upinzani wa mmoja huufuta wa mwenzake. Kinachobaki ni waya wa koili wenyewe, kama omu 0.6.

Mita haiwezi kuona hilo. Inapima kwa betri, na kapasita haipitishi umeme wa betri, kwa hiyo inachosoma ni wufa tu. Muziki wa kawaida nao una nguvu ndogo kwenye hezi 3,400, ndiyo maana amplifaya iliweza kuishi wiki mbili. Mluzi wa maiki ni jambo jingine: ni sauti moja, kali, haipumziki, na mara nyingi hukaa maeneo hayohayo. Volti 20 tu juu ya omu 0.6 ni ampia 33. Pawa saplai ya kwanza ilikuwa inanywea kidogo kabla ya transista kufa. Ile mpya, aliyoifunga fundi mwenyewe kwa fahari, ilitoa kila ampia iliyoombwa. Vanishi ya koili ilikuwa imegeuka kahawia. Harufu yake ilikuwa ileile ya Tanga.

Alibadilisha twita. Kwenye njia yake, kabla ya kapasita, akafunga balbu ya gari ya volti 12, wati 21: ikiwa baridi haifiki omu 1, na ikiwaka hupanda hadi omu 7, kwa hiyo inakaba njia yenyewe bila kuambiwa. Akairudisha ile transfoma ya zamani. Jumamosi iliyofuata alikaa nyuma ya ukumbi, pembeni ya mlango wa jikoni. Mshereheshaji alikwenda mbele ya spika na maiki yake, mluzi ukapanda, na ndani ya tundu la besi la boksi la kushoto taa ya njano ikawaka. Kijana wa mitambo aliiona kabla ya mtu yeyote, akashusha maiki. Taa ikazima, twita ikaendelea.